Kichwa tulikikatia bima, tela tukaliacha

Nyumbani kwetu Mlandizi tuna watoto watatu na lori moja, na watoto wanajua kwamba lori ndilo linalokula kwanza. Fedha ya safari ikiingia, kabla ya mchele, kabla ya ada, kabla sijatoka kwenda sokoni, kuna fungu linakatwa na kuwekwa kando kwa ajili ya tairi, breki, oili na bima. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 12, aliwahi kuniuliza kwa uchungu: "Mama, kati yetu na lori, nani mtoto wako?" Ilikuwa siku niliyomwambia viatu vya shule vitasubiri mwezi ujao.

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia atulie, viatu vitakuja. Ukweli ni kwamba haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwanzoni sisi ndio tuliokula kwanza, lori likabakiziwa makombo, na aliyekuwa akigawa mafungu ni mimi.

Baba watoto aliendesha malori ya watu kwa miaka 11, Dar es Salaam hadi Tunduma, mara nyingine akivuka kwenda Zambia. Mwaka 2018 tukaamua kuwa na letu. Tulichukua mkopo benki tukanunua kichwa, Scania iliyotumika, kwa rehani ya nyumba. Tela hatukulikopea. Tuliuza kiwanja tulichokuwa nacho Chalinze, tukanunua tela la wazi la ekseli tatu, nalo lililotumika.

Kwa msomaji ambaye malori huyaona tu yakimpita barabarani: kichwa ni ile sehemu ya mbele yenye injini na kebini, na tela ni lile linalovutwa. Vinaunganishwa na pini moja nene ya chuma iliyo chini ya tela, inayoingia na kujifunga kwenye sahani iliyo nyuma ya kichwa. Ukiviona vinakwenda unadhani ni gari moja. Kisheria ni magari mawili. Kila kimoja kina kadi yake ya usajili na namba yake, na kila kimoja kinahitaji bima yake. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa silitilii maanani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hesabu ndilo somo langu. Kwa hiyo tulikubaliana yeye ashike usukani, mimi nishike daftari. Nilijivunia daftari lile. Kila lita ya dizeli, kila posho ya utingo, kila senti ya mizani na maegesho niliiandika. Kila mwisho wa mwezi nilipiga mstari chini na kuona kilichobaki, na mara nyingi kilibaki kitu. Kumbe kilibaki kwa sababu kuna mambo sikuyaandika kabisa. Tairi zilikuwa zinaisha kila siku, lakini daftarini zilionekana siku ile tu zilipopasuka. Lori letu lina tairi 22, 10 za kichwa na 12 za tela. Kwa bei ya wastani ya laki sita kwa tairi, ni zaidi ya milioni 13 zinazosagika kidogo kidogo kwenye lami, nami nilikuwa naihesabu fedha hiyo kama faida.

Ikaja habari ya bima. Benki ilikuwa na sharti kwamba kichwa kikatiwe bima kubwa, na jina la benki liandikwe kwenye hati, ili kikipatwa na jambo wao walipwe kwanza. Tulilipa. Tela halikuwa na deni, hakukuwa na mtu wa kutulazimisha, nikalikatia bima ndogo. Wakala wetu wa bima hata hakubisha. Alisema, "Mwalimu, tela halina injini, ataliiba nani?" Tukacheka wote. Nilitoka pale nimeokoa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, nikanunua friji.

Nieleze tofauti yake, maana nimegundua wazazi wengi wenye gari, hata dogo la kupeleka watoto shule, hawaijui. Bima ndogo ndiyo ile ya lazima kisheria. Inamlinda mtu mwingine. Gari lako likimgonga mtu au likiharibu mali yake, bima ndiyo inayolipa. Gari lako lenyewe likiungua, likipinduka au likiibwa, haikupi hata shilingi. Bima kubwa inaongeza gari lako, tena baada ya wewe mwenyewe kubeba sehemu fulani ya hasara iliyoandikwa kwenye mkataba. Na mzigo uliobebwa si gari. Una bima yake ya tatu, ya mizigo njiani. Hiyo ya tatu sikuwahi hata kuuliza bei yake.

Januari 2021, baba watoto alikuwa Mafinga akipakia mbao za mama mmoja mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Alinipigia Ijumaa jioni.

"Mama, kuna gurudumu la tela linanuka. Ekseli ya kati, kushoto. Fundi wa hapa amefungua, anasema breki haiachii vizuri. Anataka laki mbili na arobaini, vifaa na kazi."

Mbele yangu, kitandani, kulikuwa na godoro jipya, ndoo mbili, shuka, na fomu ya maelekezo ya kujiunga kidato cha kwanza. Binti yetu mkubwa alikuwa anaripoti shule ya bweni Jumatatu. Fedha iliyokuwepo ilikuwa ya ada.

"Baba watoto, Jumatatu mtoto anaripoti. Si uje nalo polepole hadi Morogoro kwa fundi wako? Yule utamlipa hata wiki ijayo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, mama."

Sijui kama nimewahi kusikia neno fupi likaniandama kiasi hicho. Angeweza kukataa. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye aliyekuwa amesimama kando ya gurudumu lenyewe. Lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba daftari ni langu, na yeye ni mtu wa kuheshimu makubaliano.

Breki za lori si kama za gari dogo. Zinafanya kazi kwa upepo. Kwenye tela kuna springi zenye nguvu ambazo zenyewe zinataka kukaza breki muda wote, na upepo kutoka kwenye kichwa ndio unaozibana springi hizo ili magurudumu yazunguke. Ndiyo maana tela likikatika mpira wa upepo barabarani linajifunga breki lenyewe. Ni usalama mzuri. Ila upepo ukivuja mahali, au kifaa cha kurekebisha breki kikikwama, gurudumu moja linabaki limebanwa nusu. Kichwa kina nguvu nyingi, dereva hasikii uzito wowote. Gurudumu linakwenda kilomita 10, 20, 50 huku breki inasugua dramu, dramu inapata moto, moto unahamia kwenye rimu, na rimu imevikwa mpira.

Walitoka Mafinga Jumamosi alfajiri. Iringa walisimama, utingo akamwagia gurudumu maji, likapoa, wakaendelea. Ilula walisimama tena. Kisha wakashuka Kitonga. Wanaoijua ile barabara wanajua kwamba hapo hata lori zima linashuka kwa gia nzito na breki ya injini, kwa sababu ukikanyaga breki mlima mzima zinachemka na kupoteza nguvu. Baba watoto aliushuka kama anavyoushuka siku zote, taratibu. Walifika chini salama. Walipokaribia Ruaha Mbuyuni, kule kwenye vitunguu, dereva wa basi lililokuwa linawapita akawapigia honi mfululizo na kuwaonyesha kwa mkono nyuma. Utingo akachungulia kwenye kioo akaona moto.

Walikuwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto, ule wa kilo chache unaowekwa ili trafiki auone. Uliisha ndani ya dakika moja. Tairi la lori likishawaka, unga ule unazima ndimi za nje tu, joto linabaki ndani na linawaka upya. Linataka maji mengi sana. Wauza vitunguu walikuja na ndoo, wengine na mchanga, hadi tairi la kwanza lilipopasuka kwa kishindo na kila mtu akakimbia. Hapo baba watoto akaacha kuzima. Yeye na utingo walishusha miguu ya tela, wakakata mipira ya upepo, wakavuta mkono wa pini, akakiondoa kichwa na kukisogeza mita 200 mbele. Mbao kavu zilizobanwa pamoja zinawakaje, sihitaji kueleza.

Hakuna aliyeumia. Hilo nalisema kwanza kila ninapoisimulia habari hii, kwa sababu wauza vitunguu wale walikuwa akina mama wenye watoto mgongoni.

Jumatatu nilimpeleka binti shule na godoro lake. Jumanne nikaenda kwa wakala na hati zote mbili. Alizisoma mbele yangu, na safari hii hakuna aliyecheka. Bima kubwa tuliyoilipia miaka mitatu ilikuwa ya kitu ambacho hakikuungua. Kilichoungua kilikuwa na bima ya kumlipa mtu mwingine, na mtu mwingine hakudhurika. Mwenye mbao, ambaye angeweza kutuburuza mahakamani, alikuwa ametukabidhi mbao zikiwa nzima, akapokea mkaa.

Yule mama nitamheshimu maisha yangu yote. Alikuja Mlandizi, akakaa kwenye kochi letu, akatazama zile picha kwenye simu, akakaa kimya kwa muda mrefu. Tulikubaliana kumlipa kwa miezi 14, sehemu kwa fedha na sehemu kwa kumbebea mbao zake kwa nusu nauli. Tela la kubebea hizo mbao tulilikodi kwa mtu. Hapo hapo mkopo wa benki wa kichwa ulikuwa unaendelea, maana benki haikuwa na kosa. Mimi nikakopa SACCOS ya walimu. Mwezi wa sita binti akarudi nyumbani na godoro lake, akahamia sekondari ya kata ya kutwa. Ada ile niliyoikingia kifua Ijumaa jioni haikumfikisha hata mwisho wa mwaka.

Baba watoto hakuwahi kuniambia, "Ni wewe uliyesema." Hata siku tulizogombana kwa mambo mengine hakuligusa. Mimi ndiye nililisema, karibu mwaka mzima baadaye, usiku, watoto wamelala. Alijibu kwamba na yeye angeweza kulala Mafinga, tena aliyekuwa amefumba macho Ilula ni yeye. Basi, tukagawana. Sijui kama tuligawana sawa.

Nina mdogo wangu wa kiume anayeishi Texas, Marekani. Siku hizo alikuwa amenunua pikapu kubwa ya dizeli na lile tela la matembezi ambalo ndani lina vitanda, jiko na choo, nyumba ya magurudumu. Baba watoto alipoona picha alisema, "Kumbe wenzetu wanalala kwenye tela, sisi tunalala kwenye kichwa." Nilipomsimulia mdogo wangu mkasa wetu nilitegemea aniambie kwamba kwao mambo yako tofauti. Akaniambia na yeye alinusurika kuingia shimo lile lile. Bima ya pikapu yake inafuata tela kwa madhara ya watu wengine, likimgonga mtu wakati linavutwa. Tela lenyewe likiharibika, ni lazima liwe na bima yake. Watu wananunua tela la maelfu ya dola, wanalifunga nyuma ya gari lenye bima nzuri, na wanadhani bima inapita kwenye ile ndoano.

Akanifundisha na jambo la tairi. Tela lake linakaa uwanjani miezi mingi bila kutembea, kwa hiyo tairi zake zinazeeka kwa jua na kusimama kabla hazijaisha. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nilitoka nje na tochi usiku huo huo kuangalia tairi ya akiba tuliyouziwa kama mpya. Ilikuwa na miaka tisa. Mzazi mwenye gari dogo, nenda kaangalie na zako, hasa ile ya akiba ambayo hujaitazama tangu ulinunue.

Tulinunua tela jingine mwishoni mwa 2022, baada ya benki kumalizika. Daftari bado ninalo mimi, lakini limebadilika. Kwa kila kilomita lori linayotembea tunaweka kando shilingi 350. Kwenda Tunduma na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,800, kwa hiyo safari moja inaweka zaidi ya laki sita kwenye akaunti ambayo kadi yake anayo baba watoto, si mimi. Hilo nililiomba mwenyewe. Fundi akitaja bei njiani, hanipigii kuniomba. Ananipigia kunijulisha.

Kichwa kina bima kubwa, tela lina bima kubwa, mzigo una wa kwake, na tukivuka mpaka kuna Kadi ya Njano ya COMESA, kwa sababu bima ndogo ya nyumbani inaishia Tunduma. Kabla ya kulipa ninasoma mambo ambayo bima haitayalipa, yale yanayoandikwa kwa herufi ndogo: gari kuwa bovu kwa kujua, kuzidisha uzito, dereva kutokuwa na leseni ya daraja linalohusika. Tungekuwa na bima kubwa ya tela siku ile, nao wangegundua kwamba fundi wa Mafinga alishatuambia, sina hakika wangetulipa. Nikishalipa ninaingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA kuhakiki kama bima imo kweli, ya kichwa kisha ya tela. Dakika mbili kwenye simu. Thamani ninayoandikisha ni ya bei ya leo ya tela, hata kama ada inapanda. Kupunguza thamani ili kupunguza ada ni ile friji nyingine.

Vifaa vimeongezeka pia. Mitungi miwili mikubwa ya kuzimia moto, na dumu za maji lita 100 ambazo utingo analalamika kwamba zinamaliza nafasi. Kabari nne za mbao ngumu badala ya mawe ya kuokota barabarani. Pembetatu, jeki inayoweza kunyanyua tela likiwa na mzigo, spana, mipira ya upepo ya akiba. Ndani ya kebini kuna chandarua, jiko dogo la gesi na blanketi nililoshona mwenyewe, maana Makambako kuna baridi.

Kila asubuhi wanafungulia mitungi ya upepo maji yatoke, kwa sababu upepo unaobanwa hutoa maji, na maji huozesha valvu. Na kila wanaposimama, baba watoto anazunguka lori lote na kupeleka mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila gurudumu, bila kugusa, kusikiliza joto. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, hakuna kuendelea. Nilipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza hapa nyumbani nilishangaa, maana ndivyo ninavyowapima watoto homa.

Viatu vya yule wa pili vilinunuliwa, vilichelewa wiki tatu. Binti alimaliza kidato cha nne kwenye ile shule ya kata na amefaulu. Safari hii, kabla ya kumnunulia vifaa vya kidato cha tano, tulikaa wote watano mezani na daftari, naye akaona kwa macho yake kilichopo na kisichokuwepo. Akakata ndoo moja kwenye orodha, akasema atatumia ya zamani.

Baba watoto hupiga simu akiwa Ilula kabla ya kushuka. Ni simu fupi, na siku hizi anayeipokea kwa kukimbia ni yule mwenye viatu. Juzi nilikuwa jikoni nikamsikia.

"Shikamoo baba. Umepima?"

Akasikiliza.

"Yote 12? Na la kati kushoto?"